Shajara ya mradi: kutafuta daraja la nishati la jengo

Kuanza

Mradi wenyewe mdogo tu. Programu ya Python, unailisha bili za mwaka mzima, ukubwa wa jengo, kuta zimejengwa na nini, paa ni la nini, madirisha yanaangalia upande gani, nayo inakutolea daraja la matumizi ya nishati, zile herufi A mpaka G kama zinazobandikwa kwenye friji jipya. Ila friji lina raha yake, linapimwa maabara, joto la chumba linajulikana, na hamna mtu anayelifungua saa sita usiku kuangalia kama kuna chochote kimebaki. Jengo halina maabara. Lina watu ndani, lina jua linalozunguka, lina jamaa anayeondoka Ijumaa na kuacha AC inanguruma mpaka Jumatatu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ilikuwa kuamua napima nini. Njia ziko mbili. Moja unalipima jengo lenyewe, kuta na paa na mitambo, unapiga hesabu kana kwamba anakaa mtu wa kawaida mwenye tabia za kawaida. Umoja wa Ulaya ndo wamekaa zaidi huku, tangu agizo lao la 2002 lililofanya cheti cha nishati kiwe lazima jengo likijengwa, likiuzwa au likipangishwa. Njia ya pili huulizi jengo linaweza nini, unauliza limekula nini, unasoma mita. Australia walianza hivyo kwa ofisi mwaka 1998 na mfumo ambao saivi unaitwa NABERS, nyota mpaka sita, na ENERGY STAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kupima majengo, nayo inasoma bili.

Nimeamua zote mbili zitoke kwenye karatasi moja. Najua kazi inakuwa mara mbili lakini ukitoa moja tu unamficha mtu kitu. Jengo bovu lenye watu wabahili linaonekana zuri kwenye bili, na jengo zuri lenye mitambo iliyosetiwa vibaya linaonekana zuri kwenye hesabu.

Faili la hali ya hewa

Leo ilikuwa kusoma faili za hali ya hewa za EPW, ndo muundo unaotumiwa na EnergyPlus, ile programu ya wizara ya nishati ya Marekani ya kukadiria nishati ya majengo. Mistari 8 ya juu ni maelezo, baada ya hapo mistari 8,760, saa moja baada ya nyingine mpaka mwaka uishe. Joto la hewa liko safu ya 7, unyevu safu ya 9, jua linaloangukia bapa safu ya 14.

Mambo mawili ya kuangalia kwa anayefuata njia hii. La kwanza, safu ya mwaka inaruka ruka, Januari unaweza kukuta imeandikwa mwaka mmoja afu Februari mwaka mwingine kabisa wa nyuma. Faili halijaharibika. Huo ni mwaka wa kuunganisha, wamechukua Januari iliyo ya kawaida zaidi kati ya Januari za miaka mingi, wakaiunga na Februari ya kawaida, hivyo hivyo mpaka Desemba. Ukiipa maktaba ya tarehe isome yenyewe itakupangia miezi kwa miaka yake na grafu itakuwa vichekesho, bora utupe ile safu utengeneze kalenda yako. La pili, saa zinahesabiwa 1 mpaka 24 sio 0 mpaka 23, saa ya 1 ni lile saa linaloisha saa saba usiku. Usipolishughulikia, jua linachomoza saa moja kabla au baada na dirisha la mashariki linapata joto lisilo lake.

Afu kuna jambo kubwa zaidi. Huo mwaka wa kuunganisha unafaa kwa hesabu ya jengo, haufai kulinganisha na bili. Bili zililipwa kwenye mwaka halisi wenye joto lake halisi. Kwa hiyo faili mbili, la kawaida kwa upande mmoja na la mwaka uleule wa bili kwa upande wa pili.

Kuta

Hapa nilikaa sana na nilifurahia. Kila ukuta una thamani ya U, wati ngapi zinapita kwenye mita moja ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Unaipata kwa kujumlisha ukinzani wa kila tabaka, unene gawanya kwa uwezo wa kupitisha joto, unaongeza hewa ya juu ya uso wa ndani 0.13 na wa nje 0.04, hizo zimetoka kwenye kiwango cha ISO 6946, afu unachukua moja gawanya kwa jumla.

Chukua ukuta wa tofali za kuchoma, unene milimita 215, upitishaji 0.77. Ukinzani wa tofali ni 0.28, jumla na hewa za pande mbili 0.45, U yake 2.2. Nje baridi ndani umewasha hita, tofauti digrii 20, kila mita ya mraba inakutoroshea wati 44. Sasa bandika kihami joto cha sentimita 5 chenye upitishaji 0.04. U inashuka mpaka 0.59, wati 12. Ongeza sentimita 5 zingine, U inafika 0.34, wati 7. Yaani zile sentimita 5 za kwanza zimeokoa wati 32 na za pili zimeokoa 5, bei ya mfuko ni ileile. Hii nimeiweka kwenye programu kama grafu maana naona watu wanabishana sana kuhusu unene wakati swali la maana ni kama ukuta una kihami chochote au hauna.

Mwenzangu ambaye ni msanifu majengo alipoiona akasema sawa, ila ukuta wako ni wa kwenye karatasi. Kwenye jengo halisi kuna nguzo ya zege inayokatiza kihami, kuna linta juu ya dirisha, kuna sleb ya balkoni iliyotoka ndani mpaka nje bila kizuizi. Joto linapita hapo kama hamna kilichofanyika. Nimeongeza sehemu ya kuingiza hayo madaraja ya joto, yaani mahali joto linapovuka bila kizuizi, kwa urefu, mita ngapi za ukingo wa balkoni, mita ngapi za kuzunguka madirisha. Asiyejua anaweza kuacha na programu inajaza makadirio mabaya makusudi, nataka mtu apate faida kwa kwenda kupima.

Paa la bati

Bati lina tabia yake na linastahili ingizo lake. Chuma chenyewe ni nusu milimita, ukinzani wake ni sifuri ukitaka usitake. Kinachozuia joto kidogo ni ile hewa iliyotulia juu na chini ya bati tu.

Na tatizo la mchana sio hata hewa ya nje, ni jua. Hesabu wanayotumia watu ni kuongeza kwenye joto la hewa kile jua linachochangia: ufyonzaji wa rangi mara nguvu ya jua gawanya kwa 25 hivi. Nje digrii 32, jua la saa sita wati 900 kwa mita, bati jeusi linafyonza 0.8, unapata kama digrii 61 (ukiacha joto kidogo linalorudi angani). Lipake rangi nyeupe ufyonzaji ushuke mpaka 0.3, unapata 43. Digrii 18 kwa ndoo za rangi. Programu zinazotumia joto la hewa peke yake haziioni hii kabisa, zinaona nyumba mbili zinafanana, moja mtu anapika ubongo wake na nyingine anakaa.

Nimeandika rangi ya paa kuwa ingizo la lazima.

Kamera ya joto

Nimeazima kamera ya joto kupitia jengo la majaribio. Mtu anayeshika hiki kifaa mara ya kwanza ajue kwamba kioo cha dirisha hakipitishi mionzi inayosomwa hapo, kwa hiyo huoni kilicho nyuma ya kioo, unaona joto la kioo chenyewe na kivuli chako mwenyewe kinachong'aa. Vyuma vinavyometameta ndo balaa, ukielekeza kwenye bati jipya lililotazama angani inakuambia liko baridi kweli kweli, kumbe unasoma anga. Dawa ni kubandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kusubiri kipate joto la chuma, unasoma tepu.

Tulichopata: kona ya juu ya chumba kimoja mstari wa baridi unafuata mbao za dari, na pembeni ya fremu ya dirisha hewa inaingia unaiona kabisa inachora kama moshi ukutani. Kwa uvujaji kamera inaonyesha wapi tu, haisemi kiasi gani. Kiasi unahitaji ile feni kubwa inayofungwa mlangoni, inavuta hewa mpaka tofauti ya presha ifike paskali 50, unasoma hewa ya nyumba nzima inabadilishwa mara ngapi kwa saa. Passivhaus, kile kiwango cha Ujerumani cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, wanataka isizidi 0.6 kwenye presha hiyo. Hiyo feni sina, nimeacha nafasi ya namba kwa atakayekuwa nayo, na watu wa haraka wanagawanya kwa 20 kupata uvujaji wa siku za kawaida, inatosha kwa kuanzia.

Bili

Nilidhani upande wa bili utakuwa mwepesi kuliko wa kuta maana ni kujumlisha tu. Wapi.

Kwanza bili hazifuati kalenda. Msomaji mita anapita tarehe 19 mwezi huu, tarehe 24 mwezi ujao, na katikati kuna mwezi hakupita kabisa wakakadiria, mwezi unaofuata unakuja mdogo kwa sababu wanarekebisha. Ukichora hivyo hivyo inaonekana watu walikuwa likizo. Programu saivi inachukua tarehe ya kusoma mpaka tarehe ya kusoma, inagawa uniti kwa siku, na bili yoyote iliyoandikwa makadirio inaunganishwa na inayoifuata kuwa kipindi kimoja kirefu.

Mita za luku za kulipia kabla ni ugonjwa mwingine. Pale hauna rekodi ya matumizi, una rekodi ya manunuzi. Mtu amenunua uniti nyingi mwanzo wa mwezi, amekaa nazo, kanunua tena. Ukichukua mwaka mzima jumla inakuwa karibu na ukweli ila mwezi kwa mwezi huwezi kusema kitu. Kwa hizo programu inatoa jumla ya mwaka tu na inakataa kufanya uchambuzi wa hali ya hewa, inaandika sababu pale pale. Atakayetaka zaidi apige picha namba ya mita kila wiki.

Zikishakuwa safi ndo utamu unaanza. Unachukua kila kipindi, unahesabu digrii-siku zake, yaani kila siku joto la wastani limezidi kiwango fulani kwa digrii ngapi, unajumlisha. Unaweka digrii-siku chini, uniti upande, unapitisha mstari katikati ya nukta. Mahali mstari unapogusa pembeni, pale digrii-siku ziko sifuri, ni mzigo wa msingi: taa, kompyuta, pampu, friji, vitu visivyojali kama kuna joto au baridi. Mwinuko wa mstari ni jengo na AC zake kwa pamoja. Kwa mstari mmoja umeshatenganisha kelele za watu na ubovu wa paa, na hujaingia hata chumba kimoja.

Kiwango cha kuanzia kuhesabu digrii-siku usikichukue kwenye kitabu. Jengo lenye vioo vingi na watu wengi linaanza kuhitaji kupozwa nje kukiwa bado na baridi. Nimeacha programu ijaribu viwango vyote kuanzia 10 mpaka 26 ichague kinachofanya nukta zikae karibu na mstari. Kipimo cha kukubali nimechukua kwenye ASHRAE Guideline 14, mwongozo wa chama cha wahandisi wa joto na baridi cha Marekani, kwa data za mwezi mtawanyiko usizidi asilimia 15 na upendeleo (mstari kukosea upande mmoja kwa jumla) usizidi 5. Nukta zikitawanyika kuliko hapo, mara nyingi kuna kitu ndani ambacho hakijaandikwa, kwa mfano mpangaji kahama katikati ya mwaka au mita moja inahudumia na jengo la jirani. Hii ya mita imetokea kweli kwenye seti moja ya data tuliyopewa, msimamizi hakuwa na habari.

Herufi

Haya, tumefika kwenye kitu ambacho kila mtu anaulizia, jengo langu herufi gani.

Mfano, jengo limekula uniti 48,000 kwa mwaka, umeme mtupu. Eneo ukipima kwa nje, kuta na ngazi na korido zote ndani, mita za mraba 400. Unapata 120 kwa mita kwa mwaka. Ukipima vyumba vinavyotumika tu, 310. Unapata 155. Hakuna tofali lililosogea.

Bado. Nchi nyingi hazihesabu umeme uliofika kwenye mita, zinahesabu nishati iliyochomwa huko ilikotoka, kwa hiyo umeme unazidishwa. Ufaransa kwenye mabadiliko ya cheti chao cha DPE ya 2021 waliteremsha kizidisho kutoka 2.58 mpaka 2.3, na nyumba za umeme zikapata nafuu kwenye hesabu bila mtu kushika nyundo. Tumia 2.3 hapa, 120 inakuwa 276, 155 inakuwa 356.

Sasa azima ngazi za Ireland za nyumba za kuishi, kwa mazoezi tu, maana zimekatwa vizuri vizuri, A1 chini ya 25 mpaka G juu ya 450. 120 ni B2. 155 ni C1. 276 ni D2. 356 ni E2. Jengo moja, bili ileile, watu walewale, kutoka B mpaka E kwa maamuzi mawili ambayo hakuna atakayeyaona kwenye kibandiko. (Ireland wenyewe wameshaamua eneo lipi na kizidisho kipi, kwa hiyo wao kwa wao wako sawa, shida inakuja mtu akichukua herufi ya huku akailinganisha na ya kule.) Uingereza ndo usiseme, alama kubwa kwenye cheti cha nyumba zao, ile ya 92 kwenda juu kupata A, imejengwa juu ya gharama ya nishati sio uniti, na tangu Aprili 2018 mwenye nyumba ya kupangisha iliyo chini ya E alianza kubanwa na sheria. Herufi ikishafungwa kwenye sheria, kila kizidisho kinakuwa pesa ya mtu.

Wamarekani wamekwepa herufi kwa kutumia nafasi. ENERGY STAR inakupa 1 mpaka 100, ukipata 75 maana yake umeshinda robo tatu ya majengo ya aina yako, baada ya kurekebisha saa za kazi, idadi ya watu, hali ya hewa. Nzuri, ila umewekwa kwenye mashindano. Mwaka 2018 walisasisha data za kulinganishia, majengo mengi yakashuka alama wakati bili hazijabadilika, wenzao tu ndo walikuwa wamesonga. New York City wakachukua alama hizo wakazirudisha kuwa herufi zinazobandikwa mlangoni, 85 kwenda juu ni A, na asiyewasilisha data anapewa F. Hiyo F ya kutowasilisha naipenda, ni ukorofi wenye akili.

Uamuzi wangu: programu haitoi herufi mpaka mtumiaji achague eneo lipi na kizidisho kipi, na vyote viwili vinachapwa chini ya herufi kwa maandishi ya ukubwa uleule. Mwenzangu anasema itaharibu mwonekano wa kibandiko. Itaharibu, sawa.

Hesabu na bili zikikataa kukubaliana

Nimeendesha pande zote mbili kwenye jengo la majaribio na hesabu imekuja juu kuliko bili kwa mbali. Sikushtuka sana, kuna utafiti wa 2012 uliokusanya nyumba kama 3,400 za Ujerumani ukakuta wakazi wanatumia kwa wastani asilimia 30 pungufu ya kile cheti kinachosema, na pengo ni kubwa zaidi kwenye nyumba mbovu. Mtu akikaa kwenye nyumba inayovuja hawashi hita vyumba vyote, anajifunika blanketi anakaa chumba kimoja. Kwenye nyumba nzuri ni kinyume, wanaachia tu.

Maana yake kwa mtu anayetaka kukarabati ni nzito. Ukimwambia utaokoa kiasi hiki kwa kutoa hesabu ya kabla na hesabu ya baada, umemwahidi kuokoa uniti ambazo hakuwa anazitumia. Kwa hiyo ukurasa wa ukarabati unaanzia kwenye bili, hesabu inatumika kusema asilimia tu. Ahadi zinapungua, na watu wawili niliowaonyesha hawajazipenda. Faida nyingine, kwamba chumba cha pili sasa kitakalika, haina uniti na sijapata pa kuiandika zaidi ya sanduku la maoni.

Sola, bado iko wazi

Iliyobaki mezani ni majengo yenye sola juu. Mita inaonyesha umeme ulionunuliwa na uliorudishwa gridi, ule uliozalishwa na kuliwa papo hapo mchana hauonekani popote usiposoma inveta. Ukitumia mita peke yake, jengo bovu lenye paneli nyingi linapata A na bati lake bado linachoma.

Nimefungua tawi jipya la msimbo wa programu, matumizi yote upande mmoja, uzalishaji upande wa pili, herufi ya jengo inatoka kwenye matumizi, na sola inapata mstari wake pembeni. Msimbo wa kusoma faili za inveta umekamilika nusu, kila kampuni ina muundo wake wa tarehe na moja inaandika uzalishaji wa usiku kwa namba hasi, ambazo nikizifuatilia naona ni umeme unaoliwa na inveta yenyewe. Zitaingia kwenye mzigo wa msingi.